Kitenzi cha Alhamisi

Jumanne, tarehe nne Machi. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu yasiyotosha hata kulaza vumbi, na kufikia saa tatu jua lilikuwa limeshakausha ngazi za hospitali. Mpiga pasi wa chumba cha kufulia alizipanda ngazi hizo, akaingia ofisini kwa Matroni kuchukua barua yake ya ruhusa. Akatoka mikono mitupu.

"Bwana bado hajafungua mlango, mwanangu," Matroni alikuwa amemwambia. "Na huko Ulaya unakotaka kwenda usirudi, wazee wao wana watoto wao."

Mpiga pasi alishuka taratibu akiyapima maneno hayo. Barua yake ilisema anataka kufanya mtihani wa Kijerumani kwa ajili ya kujiendeleza. Haikutaja Ulaya. Haikutaja nyumba ya kutunzia wazee iliyokubali kumpokea endapo angefaulu kabla ya kutimiza miaka arobaini na mitano, naye alikuwa amebakiza miezi saba. Majina ya watahiniwa yalikuwa yafungwe Ijumaa. Bila sahihi ya Matroni, jina lake lisingeingia.

Habari ya Ulaya alikuwa ameisema mahali pamoja tu: kwenye darasa la jioni.

Darasa hilo lilikuwa chumba cha kukunjia shuka, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja. Mwalimu alikuwa fundi wa lifti aliyestaafu. Alifanya kazi Ujerumani miaka kumi na mmoja, akarudi na mgongo mbovu na kamusi. Wanafunzi walikuwa wanne, na wote walikuwa wamempa Matroni barua za kuomba ruhusa ya mtihani huohuo. Kabla ya somo kila mmoja alitaja haja yake, wenzake wakamwombea. Kisha Mwalimu aliandika kitenzi ubaoni.

"Kitenzi cha kawaida hakina ujanja," alipenda kusema. "Unakata mkia wake, unapachika mkia wa mwenye tendo. Mimi nina wangu, wewe una wako."

Ili wasichanganyikiwe, alimpa kila mtu nafsi moja ya kukaa nayo mwaka mzima. Mpiga pasi alipewa mimi, ich. Wifi yake, ambaye alikuwa muuguzi msaidizi, alipewa wewe, du. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa yeye, er. Mpishi wa wodi alikuwa na sauti ya kutosha watu wengi, kwa hiyo alikabidhiwa wingi wote: sisi, ninyi na wao.

Kitenzi kikishapitishwa kwa nafsi zote, kiliwashika hadi asubuhi. Hilo walilizoea tangu wiki ya pili. Walipopitisha lachen, kucheka, walicheka kwa zamu, na mpishi akacheka mara tatu. Walipopitisha kochen, kupika, dereva aliingia jikoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mkewe akamtumia Mwalimu salamu za shukrani. Weinen, kulia, Mwalimu alikiruka kwa sababu mpishi alikuwa na shinikizo la damu. Vitenzi visivyo vya kawaida vilikuwa vya mwaka wa pili, na hakuna aliyekuwa na haraka navyo.

Jioni ya Jumanne hiyo zamu ya kutaja haja ilipomfikia, mpiga pasi alisema, "Haja yangu ni afya tu."

"Afya tu?" mpishi akauliza. "Wewe ambaye maombi yako hutuchelewesha chai?"

"Afya tu."

Aliinamisha kichwa kama wengine, lakini jicho moja aliliacha wazi. Dereva alikuwa na viatu vipya. Mpishi alimpelekea Matroni chai kila siku saa nne, na hakuna aliyejua waliongea nini kikombe kikipoa. Wifi alikuwa amembebea mkoba kutoka getini, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Kikulacho ki nguoni mwako, mpiga pasi aliwaza, ila nguo zenyewe zilikuwa tatu. Kisha akamtazama Mwalimu, zikawa nne.

"Mwalimu," akasema maombi yalipokwisha, "ukurasa wa thelathini na moja tuliuruka. Kuna sagen pale. Kusema."

Mwalimu alijikuna shingo. "Sagen kinatufaa nini sasa hivi?"

"Ni cha kawaida."

"Hivyo vya kawaida ndivyo hatari," dereva akasema. "Mimi hapa nimepika."

"Unaogopa kusema, kaka?"

"Dada, naogopa kupika tena."

Mwalimu alisema watakipitia Alhamisi, kisha akafundisha lernen, kujifunza. Wakajifunza hadi asubuhi. Lakini kule kuahirisha mpiga pasi alikuwa amekuweka moyoni.

Jumatano aliunguza foronya mbili kwa kutazama dirishani. Alimwona dereva akitoka kwa Matroni, kofia mkononi. Nusu saa baadaye akatoka mpishi, na sinia halikuwa na kikombe. Mchana alimkuta wifi yake kwenye korido hiyohiyo.

"Wifi, ulikuwa unatafuta nini kwa Matroni?"

"Maombi tu, wifi. Na wewe unakwenda?"

"Maombi."

Si ajabu. Matroni ndiye aliyeongoza maombi ya wafanyakazi saa saba mchana, na watu walisema ombi likipita kwake linafika na muhuri. Mpiga pasi mwenyewe alikuwa hakosi. Siku hiyo hakuingia. Aligeuza njia, akarudi mezani pake, na pasi ilipokuwa inapata moto akaomba: Bwana, nionyeshe aliyenisema. Hakuongeza neno. Siku hiyo aliona kwamba maombi marefu humchanganya anayeomba, si anayeombwa.

Alhamisi Matroni alikuja chumba cha kukunjia kuchukua sare yake. Alikuta wameshakaa.

"Endeleeni, sijaja kukagua," akasema, akaketi juu ya robota la shuka.

Mwalimu aliandika sagen. Akakata mkia. Mpiga pasi alikuwa amejipanga vizuri: angewatazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza kutoa jasho ndiye. Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba zamu huanza na mimi.

"Ich sage," akasema.

"Du sagst," wifi akasema.

"Er sagt," akasema dereva.

"Wir sagen, ihr sagt, sie sagen," mpishi akamaliza kwa pumzi moja.

Kitenzi kikawashika kwa mpangilio wake wa kawaida.

"Mwezi wa kwanza," mpiga pasi akaanza, akiwa amekunja mikono mapajani, "nilimwambia Matroni amwombee wifi yangu, maana anataka kwenda Ujerumani na hajamwambia mumewe. Nilisema ili aombewe na mtu mzito."

Wifi aliitikia kwa kichwa, kisha zamu yake ikafika. "Mimi nilimwambia Matroni amwombee wifi apate ile nyumba ya wazee. Nilimtajia hadi mji. Nilitaka maombi yasipotee njia."

"Mimi nilimpeleka mpishi kwa Matroni, aombewe," dereva akasema. "Kwamba anamfuata mwanawe na harudi. Viatu hivi nimenunuliwa na mke wangu, kama kuna anayetaka kujua."

Mpishi alisema mara tatu. Mara ya kwanza alisema amewapeleka wote watatu, pamoja na yeye mwenyewe. Mara ya pili alisema hayohayo akiwaangalia, na mara ya tatu akayasema kana kwamba wako chumba kingine.

Walipomaliza, mpiga pasi alisubiri ahisi hasira, lakini hakukuwa na mtu aliyeistahili peke yake. Alitoa leso akajifuta paji la uso. Jasho lilikuwa lake.

"Ndiyo maana ule ukurasa nauruka," Mwalimu akasema. "Mwaka jana darasa lilivunjikia hapo."

Matroni aliikunja sare yake vizuri, mikono ndani.

"Hakuna aliyedanganya," akasema. "Wote mliniletea, na wote niliwapokea."

"Mama, barua zetu ziko wapi?" mpiga pasi akauliza.

"Kwenye droo yangu. Zote nne, ziko salama."

"Majina yanafungwa kesho."

"Najua. Mliniambia."

"Basi utatia sahihi?"

Matroni alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa aliyeomba kwenda nyumbani kabla ya siku yake. Wodi ni sita, akaeleza. Kila wodi ina vitanda ishirini. Mkiondoka wanne kwa mkupuo, shuka atanyoosha nani, uji atakoroga nani, gari ataliendesha nani? Hayo alikuwa ameyaweka mbele za Mungu na hakupata pingamizi.

Kitenzi kilikuwa bado kimewashika, lakini hawakuwa na la kusema ambalo Matroni hakuwa nalo.

Akasimama, sare kwapani, akainua mkono wa kulia. Wanafunzi wakainamisha vichwa kwa mazoea. Mpiga pasi naye akainamisha, na safari hii alifumba macho yote mawili.

"Nawaahidi," Matroni akasema, "na Mwalimu awe shahidi, na ninyi wenyewe muwe mashahidi, kwamba kila mmoja wenu, kwa jina lake na kwa haja yake, nitaendelea kumwombea."