Dereva Amepona

Gaudensia alivaa blauzi kama mtu anayemvisha mtoto aliyelala: mkono wa kushoto kwanza, polepole, kisha kichwa, mwisho mkono mzima. Sidiria ilimshinda. Vidole vya kushoto vilifika mbavuni vikagoma. Akakunja soksi ya mumewe, akaibana kwa pini ndani ya blauzi, upande ambao hospitali walikata titi. Soksi ilikuwa ndogo. Akaongeza ya pili.

Nje, jirani yake Apolinaria alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha abiria cha gari bovu la shemeji yake.

"Haya dereva, toa amri."

Gaudensia alikanyaga klachi. "Moja."

Apolinaria akasukuma gia kwa mkono wa kulia. Gari likakoroma, likaondoka.

"Mbili. Nimesema mbili, siyo nne!"

"Mimi muuza vitumbua, mama. Hizo namba zingine sikusomea."

Walicheka, na kicheko kikamvuta Gaudensia mshononi. Tangu wiki iliyopita walikuwa wakizunguka mitaa ya Kanyenye hivyo hivyo, mmoja usukani, mwingine gia, watu wakiwashangaa.

"Sasa toa mkono," Gaudensia alisema. "Leo bosi ndiye atakayekaa hapo kunipima. Hatanibadilishia gia."

Moja iliingia. Kuvuta mbili kulimchoma kwapani hadi jasho likamtoka puani.

"Mwambie huwezi," Apolinaria alisema.

"Nikimwambia hivyo, kesho gari lina mtu mwingine."

Mkataba wake ulikuwa wa msimu, na msimu wa tumbaku ndiyo kwanza ulikuwa umeanza. Alitaka kitu kimoja tu: abaki na usukani, na Anton, kibarua wa kutwa, ampakilie marobota mpaka mkono upone. Daktari alimkataza kuendesha kwa sasa, na kunyanyua chochote kizito kuliko birika. Lakini pale kazini dereva wa pikapu ndiye mpakiaji. Ndivyo walivyozoea. Yeye mwenyewe, kabla ya kuugua, alikuwa akijisifu kwamba hahitaji mwanaume wa kumbebea mzigo.

Uani mwa kampuni, Leodgar, msimamizi wa magari, alikuwa akimsubiri na funguo kidoleni.

"Shikamoo, Mama Recheli."

"Marahaba."

Angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Macho yake yaliteremka kifuani kwa Gaudensia yakakaa pale.

"Wamekata lipi?"

Wapakiaji wa malori waliokaa ukutani wakageuza shingo.

"La kushoto."

"Mbona naona yote mawili?"

"Ni soksi, bosi. Tunaendesha au tunakagua nguo?"

Mtu mmoja ukutani alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Leodgar hakucheka.

"Tunaendesha. Kipalapala na kurudi. Sitaki gari la watu lipinduke kwa sababu ya huruma."

Gaudensia aliweka taulo iliyokunjwa chini ya mkanda ili usimkwaruze, akawasha. Moja. Mbili. Alikaza meno, akaangalia barabara. Leodgar hakuangalia barabara. Aliangalia ule mkono.

"Ongeza mwendo. Unatembea kama bibi harusi."

Akaongeza. Walipopita nyumba za mwisho, ng'ombe wakatoka kwenye vichaka wakaijaza barabara. Alikanyaga breki, akashusha gia kwa mkupuo mmoja. Ndani ya kwapa kitu kikavutika kama uzi uliokazwa kupita kiasi. Hakupiga kelele. Alisubiri ng'ombe wapite, huku akipumulia mdomo.

"Umechoka?"

"Sijachoka."

Karibu na seminari ya Kipalapala Leodgar akaonyesha barabara nyembamba. "Geuza hapa hapa."

Usukani wa pikapu ile ulikuwa mgumu hata kwa mtu mwenye mikono miwili. Aligeuza. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele. Walipoanza kurudi mjini, alihisi unyevu wa moto ukishuka ubavuni. Akabana kiwiko ili usionekane.

Uani, Leodgar aliruka chini akapiga bodi ya gari kwa kiganja.

"Hongera! Watu wananiambia huyu mama mgonjwa. Mgonjwa gani anageuza gari namna hii?"

Gaudensia akashusha pumzi. "Nashukuru, bosi. Basi mimi na Anton tuanze safari, tuwahi Urambo."

"Anton wa nini?"

"Wa kupakia. Daktari alisema..."

"Daktari alisema usiendeshe. Umeendesha. Ama yeye hajui kazi yake, ama wewe ulimdanganya."

"Kuendesha siyo kubeba."

"Mkono si ni huo huo?" Akamsogelea, sauti ikawa ya upole. "Mama yangu, kama kazi imekushinda sema tu, nikupumzishe. Wenye kutaka funguo hizi wapo."

Gaudensia alitazama funguo zilizokuwa bado kwenye swichi.

Anton alikuwa ameshapanda nyuma ya pikapu.

"Anton, shuka!" Leodgar aliita akielekea ofisini. "Dereva amepona."

Anton alishuka. Hakumtazama Leodgar. Alikuja mpaka dirishani kwa Gaudensia.

"Si uliniambia hata ndoo hunyanyui?"

"Ndivyo, Anton."

"Sasa ulijikaza ya nini? Ungezimisha gari hata mara moja tu, mimi leo ningekula."

"Ningezimisha, nisingekuwa hapa."

"Sawa. Wewe uko hapa."

Akavua gunia alilokuwa amelitundika begani, akalikung'uta vumbi la tumbaku, akalirusha ndani.

"Weka begani. Kamba za marobota zinachuna."

Akaondoka kwa miguu, bila kuaga.

Gunia lilikuwa limeangukia juu ya gia. Gaudensia alinyoosha mkono wa kushoto alitoe. Lilikuwa tupu, jepesi kama kanga, lakini vidole vililishika na mkono haukunyanyuka. Ofisini Leodgar alikuwa amesimama dirishani, akigonga kioo kwa pete yake, akimhimiza aondoke.

Gaudensia alimtazama akatabasamu. Akampungia kwa mkono wa kulia.