Bluu ya Jerusa

Siafu walipita Jumapili, Jairus akiwa kanisani. Aliporudi, Biblia bado iko kwapani, alikuta vizimba vimenyamaza. Mstari mweusi ulikuwa ukiteremka kwenye miguu ya mbao na kupotelea kwenye shamba la majani chai. Sungura wote wa marehemu mkewe walikuwa wamekufa, isipokuwa jike mmoja mweusi aliyetengwa karibu na jikoni kwa sababu ya kidonda cha mguu.

Jairus alikuwa ametumia ujana wake wote akichochea moto wa boila kiwandani, na hakuwa mwepesi wa machozi. Lakini siku hiyo alikalia ndoo iliyopinduliwa, na binti yake Quinter alipokuja kumwita kwa chakula, hakuinuka.

"Rangi ya mama yako imeisha," alisema.

Rangi hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya Jerusa. Wengi pale Sotik walifuga sungura weupe au wa madoadoa. Yeye alitaka Flemish, yale majitu yenye masikio marefu, na kati ya Flemish alitaka wa bluu. Haikuwa bluu ya shati la shule, bali ile ya moshi wa kuni asubuhi yenye baridi. Mgeni akiingia uani hakutoka kabla ya kusomewa habari zao zote: kwamba asili yao ni Flanders, huko Ubelgiji, kwamba wakulima wa kule waliwafuga kwa nyama na ngozi, wakipandisha mkubwa kwa mkubwa miaka nenda miaka rudi, kwamba walivuka bahari mpaka Marekani, na wafugaji wa huko wakakubali rangi saba. Jerusa alizitaja kwa vidole: nyeusi, nyeupe, bluu, ya mchanga, ya manjano iliyofifia, kijivu chepesi na kijivu cha chuma.

"Hata wangekuwa na rangi ya bendera, ni panya walioshiba," Jairus alikuwa akimtania, na Jerusa alikuwa akimrushia ganda la ndizi.

Sasa alibaki na huyo mweusi. Mama yake alikuwa wa bluu, baba mweusi, naye akamfuata baba. Jairus alipanga kumchinja kidonda kikipona, vizimba vigeuzwe kuni.

Nyamusi ndiye aliyemzuia. Alikuwa mama wa Kikisii, mfugaji kutoka Ndanai, aliyezoea kubadilishana sungura na Jerusa. Alikuja kutoa pole, akamtoa yule jike, akampapasa mgongo na kumkagua mguu.

"Baba Quinter, huyu usimguse kwa kisu," alisema. "Ile bluu anayo."

"Nyamusi, macho yangu bado yanaona. Huyo ni mweusi kama sufuria."

"Nje ni mweusi. Lakini mama yake alikuwa wa bluu, na mtoto lazima abebe kitu cha mama. Weusi ndio umeifunika. Mimi nina dume mweusi ambaye mama yake pia alikuwa wa bluu, nilimtoa Merigi. Si ndugu na huyu wako. Tukiwapandisha, mtoto atakayepokea bluu kwa baba na kwa mama, pande zote mbili, atazaliwa nayo."

"Na asipopokea?"

"Tutajaribu tena. Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Jairus alicheka bila kutaka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jike alipelekwa Ndanai, akarudi. Jairus alitengeneza kizimba kipya, akasimamisha kila mguu wake ndani ya kopo la oili chafu ili siafu wasipate njia. Mwezi haukupita sana, jike akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyatandika kwenye sanduku la kuzalia. Watoto walizaliwa wakiwa uchi. Manyoya yalipoanza kuota, Jairus aliwabeba mmoja mmoja hadi mlangoni penye mwanga. Wote walikuwa weusi tititi.

Alimpigia Nyamusi simu. "Wewe na hesabu zako."

"Hiyo ni bahati tu, baba. Waache wanyonye wakue, halafu mlete mama yao tena."

Alikaribia kukataa. Quinter, aliyekuwa akipiga pasi nguo za ofisini, alisema bila kuinua kichwa, "Mama alingojea wa bluu wa kwanza miaka mitatu. Wewe umechoka na mara moja?"

Jairus hakujua hilo. Miaka hiyo alikuwa kwenye boila, akija nyumbani kulala tu. Akampeleka jike tena.

Uzao wa pili ulikuja mvua ikinyesha mfululizo. Manyoya yalipoanza kuota, safari hii Jairus hakuthubutu kutazama. Quinter ndiye aliyetia mkono sandukuni, akawatoa na kuwapanga juu ya gunia. Mweusi. Mweusi. Mweusi tena. Kisha akatulia.

"Baba, njoo."

Wawili wa mwisho walikuwa na manyoya mafupi kama mahameli, rangi ya moshi. Jairus aliwaweka wote wawili kwenye kiganja kimoja, akawasogeza dirishani, akawageuza huku na huku.

"Ni yenyewe," alisema. "Quinter, ni yenyewe kabisa."

"Naona, baba."

Mmoja alimtengea Nyamusi. Hilo halikuhitaji kujadiliwa. Wiki iliyofuata jirani yake Chepyegon aliingia uani kuazima panga, akachungulia kizimbani na kuuliza ni sungura gani hao wa ajabu. Jairus alimvutia kiti.

"Keti kwanza," alimwambia. "Hawa asili yao ni mbali. Kuna mahali panaitwa Flanders..."

Ndani, Quinter aliongeza maji kwenye birika, maana mgeni hangeondoka karibuni.