Sanduku Lisilo na Kitako

Seremala mmoja, waliyemwita Randa kwa kupenda kulainisha kila kitu, hata ugomvi wa wateja, alipewa kazi ya kutengeneza masanduku ya kura ya kata yao. Sasa, sanduku la Randa hupata kitako mwisho kabisa. Lazima kwanza mkono upite chini, upake gundi kwenye viungo kwa ndani. Ndivyo alivyofunzwa, tena kwa makofi.

Alipomaliza kupiga msasa sanduku la mwisho, akaliona zuri mno. Akalielekeza dirishani, mwanga ukapenya mpaka upande wa pili, akalipiga picha na kuirusha kwenye kundi la familia: “Mikono yangu hiyo.” Dada yake, aliyekuwa akigombea udiwani na kutegemea kura za mtaa wao huohuo, akajibu kwa kopa nyekundu. Randa akapigilia kitako, akaenda zake kula.

Kufikia jioni picha ilishaota miguu, na njiani ikaokota maneno: MASANDUKU YASIYO NA KITAKO YANASWA. KURA YAKO ITAANGUKIA WAPI?

Aliyemletea habari ni shemeji yake, mume wa dada, uso kaukunja kama aliyefiwa, akamwonyesha picha simuni.

“Shemeji, umeona wanavyotuchezea?”

“Hilo si langu? Hata kopo langu la gundi hilo hapo.”

“Kumbe wewe ndiye uliyelitoboa?”

“Sijalitoboa. Lilikuwa halijaisha.”

“Ndivyo walivyokwambia useme?”

Randa akacheka. Wiki ile hakucheka tena.

Alikwenda redioni. Mtangazaji alimpokea vizuri, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Taarifa ya habari ikasema: “Fundi akiri kutengeneza sanduku lisilo na kitako.” Randa akatoa sanduku zima mlangoni mwa karakana, akawaomba wapita njia waligonge. Muuza mkaa aliligonga chini, juu na ubavuni, kisha akamtazama kwa huruma.

“Hili zima, ndugu yangu. Sisi tunaulizia lile lingine.”

Siku ya kura foleni ya mtaa wao ilikuwa fupi hata jua halikupata wa kumchoma. Dada alishindwa kwa kura chache, kiasi ambacho majirani wa uchochoro mmoja tu wangelikijaza.

Jioni ndugu hao wawili walikwenda kwa mama yao. Walimkuta amekalia kigoda alichokichonga Randa, anachambua mchele. Dada akautazama mkono uliokuwa ukipita kwenye ungo. Vidole vyote vilikuwa safi, hakuna hata doa la wino.

“Mama, hukwenda?”

“Niende nikaimwage kura yako chini, mwanangu? Wengine wamwage zao. Yako nimekutunzia.”

Randa akachuchumaa mbele yake. “Mama, si nilikwambia kitako nimekipigilia mwenyewe?”

“Uliniambia, baba.”

“Na hicho kigoda alikutengenezea nani?”

“Wewe, baba. Hakijawahi hata kuyumba.”

“Sasa?”

Mama akapuliza makapi, akaokota kijiwe, akakitupa pembeni. “Wewe uliniambia tu. Picha nimeiona kwa macho yangu.”

Randa akanyoosha mkono, akakigonga kigoda ubavuni. Dada yake akavuta mkeka, akaketi, akausogeza ungo katikati, wakaanza kuchambua pamoja.