Kozi Juu ya Misonobari ya Mafinga

"Mbona inakwenda upandeupande?" Benedicta aliuliza, kiganja kimekinga paji la uso.

Droni ndogo ilikuwa imepanda taratibu pembeni mwa misonobari, na pale tu ilipovuka vilele, upepo uliidaka. Iliinama, ikajitahidi kusimama wima, ikainama tena. Philbert, muuzaji wa droni, aliishusha kabla haijamtia aibu zaidi, akaipangusa vumbi na kuirudisha kwenye boksi lake.

"Hii ni ya sherehe za bondeni," alisema akicheka. "Dada Nusrat, si nilikwambia? Mashine yako wewe ni ile kubwa, Kozi."

Nusrat hakucheka naye, wala hakukunja uso. Aliliinua lile boksi, akasoma maandishi ya ubavuni yaliyosema kwamba droni hiyo yafaa kwa upepo mwanana.

"Imesema kweli," alisema. "Haikuahidi zaidi ya hapo." Akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

Walikuwa nje kidogo ya Mafinga, kwenye msitu wa kupandwa wa chama cha wakulima wa miti. Baridi ilikuwa ile ya asubuhi inayopenya hadi kwenye kucha. Malori ya mbao yalinguruma mbali, upande wa barabara kuu. Benedicta, mama wa Kihehe aliyevaa sweta na mabuti ya mpira, ndiye aliyekuwa katibu wa chama. Wanachama walitaka msitu wao upigwe picha kutoka angani kila mwezi, wajue wapi miti imekauka, wapi moto umelamba, na wapi mtu ameingia na msumeno. Kijana mmoja wa Iringa mjini alishawaahidi kuuzunguka msitu mzima kwa mruko mmoja, awaletee picha kabla chai haijapoa. Nusrat hakuwa ameahidi kitu bado. Ndiyo maana alikuja.

Kwao ni Mbeya, mtaa wa Soweto, ambako studio yake imetazamana na mafundi cherehani. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga video za harusi, akiwarekodi Waislamu na Wakristo, kitchen party na kipaimara, hata watu wakasema harusi isiyokuwa na Nusrat haijakamilika. Lakini siku hizi kila shangazi ana simu, na kila simu ina kamera. Studio ilikuwa inapumua kwa shida. Kazi ya msitu ingeisimamisha tena, ila kuipata droni kubwa kulimaanisha kuuza kamera zake zote mbili, zile zilizomlea yeye na wanawe. Akikosea, hakuna pa kurudi.

Tangazo la Kozi lilikuwa limemfuata kwenye simu kwa wiki kadhaa. Muziki mzito, mlima wenye theluji, gari jekundu likikata kona ukingoni mwa genge, na maneno yakipita moja baada ya jingine. Dakika arobaini na tano angani! Upepo hauitikisi! Macho pande zote! Hurudi nyumbani yenyewe! Nusrat alilitazama mpaka akaijua kona ya lile gari kama anavyoijua njia ya kwenda kisimani kwao. Alilipenda, hakulificha hilo. Lakini alikuwa pia binti wa mzee Isihaka, aliyeuza vitambaa sokoni Mbeya, mtu ambaye kila mzigo mpya ulipofika alikata kipande, akakilowesha, kisha akakifikicha juu ya kanzu yake mwenyewe nyeupe. Ile kanzu ilikuwa na madoa ya kila rangi, na wateja waliiamini kuliko bango lolote. "Kitambaa hakijaribiwi kwa macho, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Kitie majini."

Basi Philbert alipotaka kumwonyesha Kozi uani kwa duka lao, Nusrat alimjibu, "Uani kwenu sitafanya kazi. Twende nitakakoifanyia." Philbert alikuwa na mzigo wa kumpelekea mteja Iringa, njia hiyohiyo, na vibali vya kurusha vya kampuni mkobani. Akakubali. Alikuwa kijana mwema, na aliiamini mashine yake.

Sasa aliitoa. Ilikuwa nzuri, hilo hakuna ambaye angelikataa. Nyeusi, mikono minne imekunjwa kifuani, na alipoikunjua, kila mkono uliingia mahali pake kwa mlio mdogo wa kuridhisha. Iliponyanyuka, nyasi zililala chini yake. Ikavuka vilele, ikakutana na upepo ule ule, ikayumba mara moja, ikasimama. Picha kwenye kioo cha rimoti haikutikisika hata chembe. Sindano za misonobari zilionekana mojamoja.

"Mama yangu!" Benedicta alisema.

"Masha'Allah," Nusrat alisema polepole, na alimaanisha.

Kisha alifungua mkoba wake, akatoa waya mwembamba wa kuanikia nguo. Aliufunga kati ya nguzo mbili za uzio, akamwomba Philbert ailete Kozi chini na kuisogeza polepole kuelekea kwenye nguzo. Kozi ilipiga king'ora, ikagoma kuendelea. Philbert akatabasamu. "Haya, sasa ilete katikati," Nusrat alisema. Kozi ilikuja, ikaja, haikulia, haikusita, mpaka Philbert mwenyewe akaizuia, mapanga yake yakiwa karibu kuugusa ule waya.

"Mti inauona," Nusrat alisema. "Waya haiuoni."

Philbert alijikuna shingo. "Kwenye kitabu wameandika, dada. Herufi ndogo sana, mwishoni. Nilipaswa kukwambia."

"Umeniambia sasa. Inatosha. Ipeleke mbali."

Aliipeleka kuelekea kilima cha mwisho, pale msitu unapokutana na anga. Ilikwenda kama iliyotumwa na chifu. Ikawa nukta, nukta ikapotea, ikabaki picha tu kiooni, na Philbert akachangamka tena. "Ona betri! Imekula kidogo tu. Hawakudanganya!"

Nusrat hakuwa anaangalia kioo. Alikuwa anaangalia vilele. Misonobari yote, safu kwa safu, ilikuwa imeinama upande mmoja, upande ule ule ambao Kozi ilikwenda.

"Inasukumwa," alisema. "Igeuze."

"Bado mapema, dada. Tuifikishe pale juu."

"Kaka Philbert, igeuze."

Aliifikisha kwanza pale juu, maana fahari ni mzigo mgumu kuutua. Kisha akabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, akaachia vidole vyote, akainua mikono kuwaonyesha kwamba inarudi yenyewe. Na kweli ilianza kurudi. Ilipanda juu kwanza, kama ilivyofundishwa, na huko juu ikakutana na upepo uso kwa uso.

Mwendo kwenye kioo ulishuka. Ukashuka tena. Ikawa inakwenda kwa mwendo wa mwanamke aliyebeba maji kichwani. Betri, iliyokuwa ikiliwa kidogo kidogo, sasa ilikuwa inamezwa. Rangi ya tarakimu ikageuka ya chungwa, rimoti ikaanza kulia.

"Itafika," Philbert alisema. Baada ya kitambo akasema tena, kwa sauti nyingine, "Itafika?" Kijasho kilikuwa kimemtoka katika baridi ile. "Dada, hii ni ya tajiri. Ya maonyesho. Ikianguka mule ndani sina kazi."

"Iko juu mno," Nusrat alisema. "Ishushe kwenye miti."

"Itagonga!"

Lakini Nusrat alishageuka. Nusu ya maisha yake alikuwa amezitazama shela. Alijua jinsi shela ya bibi harusi inavyopaa na kumfunika mchungaji uso pale juu ya ngazi za kanisa, na jinsi inavyotulia, kimya, ukimvuta bibi harusi hatua chache nyuma ya ukuta. "Mama Benedicta, ile njia pana iliyofyekwa, inakwenda wapi?"

"Ya kuzuia moto? Inatoka kule kilimani, inakuja mpaka hapa tuliposimama. Imenyooka."

"Ina waya wa umeme?"

"Haina hata mmoja. Nguzo ziko barabara kuu."

Philbert alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akamkabidhi Nusrat rimoti.

Nusrat alikuwa amejifunza kurusha kwa droni za kukodi, na zote zilikuwa ndogo kuliko hii. Alisema bismillahi. Alikata amri ya kurudi yenyewe, akaisogeza Kozi pembeni mpaka ile njia ikaonekana kiooni kama mstari mwekundu, kisha akaishusha, akaishusha, mpaka miti mikubwa ikasimama kushoto na kulia kama kuta za msikiti. Upepo ulibaki juu. Mwendo ukapanda. Rimoti ililia kwa hasira zaidi, tarakimu zikawa nyekundu, naye uso wake ulikuwa umetulia vile vile unavyotulia mbele ya maharusi wanapokula kiapo, wakati ambao mpiga picha haruhusiwi kupepesa macho. Vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa vikisogea, kidogo, kidogo.

"Ile pale!" Benedicta alipaza sauti.

Ilikuja katikati ya njia, nyeusi na ya chini, ikitimua vumbi la udongo mwekundu. Ilipotua miguuni pao, mapanga yalizunguka kidogo yakasimama. Philbert aliketi chini palepale. Aliigusa betri, akaondoa mkono haraka kwa joto.

Benedicta alikohoa. "Mwanangu Nusrat. Msitu mzima kwa mruko mmoja, inawezekana?"

"Hapana, mama."

"Yule wa Iringa alisema inawezekana."

"Nimesikia. Mimi nitahitaji miruko mitatu, pengine minne, na betri za akiba. Siku ya upepo kama leo nitaanza alfajiri, na nikiona vilele vimelala hivi, sirushi. Nitakuja siku nyingine."

Benedicta alitafuna shavu lake kwa ndani. "Wenzangu wanapenda mambo ya haraka. Siwezi kukwambia watakubali." Akaitazama ile mashine chini, kisha akamtazama mwanamke aliyeirudisha. "Ila nitawaambia nilichokiona. Hilo nakuahidi, nitawaambia kama nilivyokiona."

Philbert alikuwa anaanza kuikunja Kozi, mkono kwa mkono. "Basi hununui, dada," alisema bila kinyongo.

"Nani kasema?"

Philbert akainua kichwa.

"Umeiona ilivyosimama kwenye ule upepo? Umeiona picha yake? Kiatu kizuri hakiwi kibaya kwa sababu muuzaji kasema kitapanda mlima chenyewe." Nusrat alichuchumaa karibu naye, akapitisha kidole kwenye mkono mmoja wa mashine, akautoa udongo ulioganda kwenye kiungo. "Naichukua, kamera zangu nitaziuza. Lile begi la zawadi sitaki, nipe betri badala yake. Na wewe, ukimwonyesha mteja mwingine, mwonyeshe na waya."

Philbert alicheka, safari hii kicheko kilichotoka tumboni, kikafuta hofu iliyobaki. "Nitamwambia tajiri yote yaliyotokea," alisema. "Sijawahi kuona mtu akiirusha hivyo. Wallahi, sijawahi." Alisema "wallahi" ingawa alikuwa Mkristo, na Nusrat akainamisha uso kuficha tabasamu.

Philbert alimbadilishia betri bila kuombwa, akampa rimoti. "Irushe. Ni kama ya kwako sasa."

Nusrat hakuipeleka kilimani. Aliinyanyua kidogo tu, akaielekeza bondeni, kwenye kitalu ambako wanawake wa chama walikuwa wamepiga magoti wakitia miche kwenye viriba vya plastiki. Jua lilikuwa limepasua wingu. Kivuli cha Kozi, kidogo kama kitambaa cha mkononi, kilipita juu ya mstari wa kwanza wa miche, kikapita wa pili. Mwanamke mmoja aliinua uso, akainua na mkono wenye udongo mweusi, vidole vimetanuka. Nusrat akaisimamisha Kozi hewani, na kwenye kioo mkono ule ukakaa bila kutikisika, mche mmoja wa kijani ukiwa umelala katikati ya kiganja.