Wageni Milioni Moja na Watatu

Jana usiku niliota niko tena kwenye harusi ya binti yangu Zulfa, iliyofanyika miaka minne iliyopita. Kazi yangu ni ile ile: kupanga wageni kwenye masinia ya pilau, watu sita kila sinia. Safari hii wageni ni milioni moja na watatu. Sikushangaa. Nilijilaumu tu kwamba nimenunua mchele kidogo.

Naanza kupanga. Watu wanakaa, wanakaa, hadi masinia yanafika laki moja na sitini na sita elfu, mia sita sitini na saba. Mtu mmoja anabaki amesimama. Ni kaka yangu Mbaruku, kofia mkononi.

"Subiri kidogo, kaka," namwambia. "Utakula zamu ya pili."

Ndivyo nilivyomwambia siku ya harusi yenyewe. Zamu ya pili haikuwepo, nami nilijua. Aliondoka na njaa, na tangu hapo hatujala pamoja.

Namba ya wageni imesimama mlangoni: moja mbele, sufuri tano, tatu nyuma, na kanzu fupi.

"Mimi ni namba tasa," inasema. "Hakuna anayenigawa bila kubakiza, ila moja na mimi mwenyewe. Lakini jaribu, usije ukasema nimekuzuia."

Nawapanga watatu watatu. Anabaki Mbaruku. Wawili wawili, Mbaruku. Saba saba, wanabaki wanne, na Mbaruku yumo. Ukumbi umeshakuwa paa la shule niliyosoma, enzi zile kaka akinifundisha kugawanya kwa kokwa za ukwaju. Masinia yananipisha kwa adabu.

"Ukifika elfu moja, acha," inasema namba. "Zaidi ya hapo ni kurudia yale yale."

Nafika elfu moja. Wanabaki watatu, Mbaruku yumo.

"Basi njia ni mbili. Kila mtu sinia lake, au wote sinia moja."

"Sinia la watu milioni litatoka wapi?"

"Mimi hapa," linasema sinia moja la bati, limebonyea ubavuni. "Nivute tu, nitatanuka. Ila wewe utakaa karibu na kaka yako."

Hapo nikaona haya. Ningemtazama vipi?

"Pilau inapoa," nikasema. "Tuendelee na sita sita."

Nikamwambia Mbaruku asubiri. Akaitikia kwa kichwa, hakulalamika, na moyo ukaniuma. Hata usingizini nimeshindwa kuwa mtu.

Asubuhi niliamshwa na simu. Alikuwa shemeji Mwanahawa, mke wa kaka. Hajawahi kunipigia tangu harusi.

"Shemeji, samahani kwa kukusumbua. Kaka yako ameamka miguu imevimba, hata ndala haziingii. Anasema amechoka kusimama. Na mimi nimelala naye, hakutoka kitandani."

Nikaibana simu sikioni.

"Amenituma nikuulize," akasema, "kama sasa akae."