Maji ya Kunde

Gereji nzima ilimwita fundi rangi Jicho, kwa sababu alichanganya rangi ya gari lolote bila kipimo, akapaka kiraka usikione. Ndiyo maana mkewe alipojifungua mtoto wa maji ya kunde, miaka ishirini na nne iliyopita, Jicho hakuuliza mtu. Alitangaza mbele ya mafundi wote:

"Mimi mweusi, yeye mweusi. Nyeusi kwa nyeusi inatoaje maji ya kunde? Hapo kuna mkono wa mtu."

Wakaangua kicheko. Mke akafungasha vyake, akarudi kwao na kichanga mgongoni.

Kichanga hicho sasa ni mwalimu wa baiolojia. Alikuwa amesimama gerejini na karatasi ya maabara. Mwezi uliopita Jicho alikubali kutoa mate yapimwe, akijua majibu yatamkomesha binti huyo.

"Soma, mzee."

Jicho akasoma. Binti ni damu yake.

"Na hiyo rangi umeitoa wapi?"

"Kwako na kwa mama. Ngozi si rangi ya kopo. Inapangwa na vinasaba vingi, na mtu hubeba vingine visivyoonekana kwake. Vyenu vya weupe vilikutana kwangu. Wala havikuletwa na mgeni. Watu wetu wanavyo tangu enzi na enzi, ila jua kali liliwapendelea weusi."

"Kumbe Jicho ana makengeza," alisema fundi breki. Wenzake wakacheka.

Binti hakucheka. "Mama hapiti mtaa huu mpaka leo. Mbele ya hawa ulimfanya malaya. Waambie sasa kwamba hakukosa. Ukisema hilo tu, nitakuita baba."

Jicho hakuwa na mtoto mwingine. Neno hilo alilitamani kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu. Akakohoa, akafuta mikono kwa tambara, akawatazama wenzake. Fundi breki alikuwa tayari ameanza kutabasamu.

"Maabara nazo hukosea," alisema Jicho.

Binti akaichukua karatasi mkononi mwa Jicho, akaikunja taratibu.

"Haya, fundi. Kazi njema."

Akaondoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mfuate, bwana," fundi breki alisema kwa sauti ya chini. "Bado yuko getini."

Jicho akawasha kompresa, kelele ikajaa gereji.