Ndama wa Mzee wa Mvua

Alen Shemhilu wa kidato cha tatu hakuwa mtu wa kuangalia muvi. Walioangalia muvi ni wengine wote, shule nzima, pamoja na paka wa jikoni. Yeye alitazama sinema, na tofauti ya mambo hayo mawili alikuwa tayari kukueleza wakati wowote, hata ukiwa na sabuni machoni katika bafu la wavulana.

"Muvi inakuogopa," alisema. "Inaogopa utachoka, ndiyo maana kila ukipepesa jicho mtu anapigwa teke. Sinema haikuogopi. Inakuonyesha mlango, inanyamaza, inakuacha uutazame huo mlango mpaka uanze kujiuliza ni nani atakayetokea."

"Na asipotokea mtu?" aliuliza Hamza, aliyelala kitanda cha juu yake.

"Hapo sasa ndipo penye sinema yenyewe."

"Na mimi nikilala usingizi?"

"Utakuwa umelala mahali pazuri kuliko unapolala siku zote."

Elimu hii yote ilitoka kwenye flashi. Mjomba wake Ibrahimu alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya watalii hapa Lushoto, na mgeni mmoja, alipokuwa akiaga, alimwachia flashi iliyojaa filamu ambazo mjomba alizitazama dakika chache, akashukuru Mungu, akampa mpwa wake. Majina ya waongozaji yalikuwa hayatamkiki, basi Alen akawabatiza upya. Kulikuwa na Mama Dirisha wa Ureno, ambaye hakuwahi kuingiza kamera katika chumba chenye tukio. Yeye alisimama nje, akapiga picha kupitia kioo. Kulikuwa na Bwana Kiatu, aliyeamini kwamba ukitaka kujua kama mtu analia, mtazame vidole vya miguu. Na juu ya wote alikaa Mzee wa Mvua, kutoka milima ya Georgia. Huyu mvua ikianza kunyesha katika filamu yake, hakatishi picha. Anaingoja iishe, na wewe unaingoja pamoja naye.

Kazi kuu ya Mzee wa Mvua, kwa maoni ya Alen, ilikuwa filamu ya bibi mmoja na ng'ombe wake. Muhula mzima aliisifu: mwanga wake, ukimya wake, ujasiri wake. Jambo moja dogo hakulitangaza. Alikuwa hajaitazama. Aliapa kwamba kazi tukufu namna ile haiwezi kutazamwa kwenye simu ya mama yake wakati wa likizo. Ataiona ukutani, kubwa, au hataiona kabisa. Sifa zile zote alizisoma tu mtandaoni.

Ukuta ulikuwepo. Kila Jumamosi jioni, baada ya makande ya mahindi na maharage, bwalo la chakula liligeuka kuwa ukumbi wa muvi, shuka la matroni likatundikwa, na Mwanamisi wa kidato cha nne akashika maikrofoni. Mwanamisi alitoka kijiji cha Zirai, na alitafsiri muvi za lugha zote bila kujua hata moja. Wapenzi wa Kikorea wakinong'onezana chini ya mwavuli, yeye aliwapa ugomvi wa watu walioibiana kabichi sokoni, na bwalo zima likagaagaa kwa kicheko. Alen aligaagaa pia, kisha akajilaumu.

Siku moja akajikaza, akaenda kwa Mwalimu Hadija, mlezi wa burudani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Hapana, Mwalimu. Naomba Jumamosi moja kila mwezi. Ya sinema."

Mwalimu Hadija akamtazama kama anayepima uzito wake. "Nitakupa moja ya majaribio. Bwalo likibaki limejaa mpaka mwisho, nakupa moja kila mwezi. Wakitoka, usinitajie tena habari ya sinema mpaka umalize shule. Tumeelewana?"

Walielewana. Alibaki Mwanamisi.

"Dada Mwanamisi, siku hiyo nakuomba usitafsiri."

"Mdogo wangu, yaani niingie bwaloni na mdomo wangu, halafu nisiutumie?"

"Ndiyo. Nimetunga Sheria ya Ukimya. Atakayetoa sauti anatolewa nje mpaka filamu iishe. Mwalimu ameikubali."

"Steringi nani?"

"Bibi. Na ng'ombe."

"Ng'ombe anapigana?"

"Anasimama."

Mwanamisi alicheka hadi akaegemea ukuta. "Haya. Nikiwa ndani ya bwalo sitatoa hata neno moja. Ila hiyo sheria ikukamate na wewe."

"Mimi? Mimi ndiye niliyeitunga!" alisema Alen, kwa sauti ya mtu asiyejua yanayomngoja.

Jumamosi ikafika. Ukungu ulishuka mapema kutoka msitu wa Magamba, watu wakaja bwaloni na masweta mawili mawili, taa zikazimwa. Kwenye shuka la matroni kukatokea yadi yenye tope, ng'ombe mmoja, na nyumba ya mbao. Dirishani alionekana bibi amekaa karibu na jiko, anasinzia. Mvua ikaanza.

Mvua ikaendelea.

Mabenchi yakaanza kulia. Mtu akapiga miayo, na miayo ile ikapita meza hadi meza kama sahani ya chumvi. Kamera haikusogea hata kidogo. Hamza akanyanyuka, akaenda mlangoni akinyata, na nyuma yake wakajipanga wengine. Mwalimu Hadija akageuza shingo kuutazama ule msururu. Mguu mmoja wa Hamza ulikuwa tayari nje.

Ndipo Issa, mtoto wa kijiji cha Vuga, aliyekaa benchi la mbele, alipompiga jirani yake kiwiko na kumwonyesha kidole: mkia. Ng'ombe aliuinua mkia, akalala, akainuka, akazunguka, akalala tena. Jirani akampiga kiwiko wa pili yake. Nusu ya shule ile imekulia nyumba zenye ng'ombe bandani, na viwiko vilisafiri benchi hadi benchi, bila neno, mpaka vikafika mlangoni. Hamza akatazama shuka. Akaurudisha mguu ndani, akakaa sakafuni palepale, na msururu wote ukakaa naye.

Bwalo zima sasa lilimtazama ng'ombe. Mtaalamu wetu wa sinema peke yake ndiye aliyekuwa bado anastaajabia jinsi mwanga ulivyoangukia tope. Kisha naye akaona. Kwato mbili, ndogo, nyeupe, zinachungulia mvuani. Na bibi yuko palepale dirishani, kidevu kifuani! Na yule mzee mwenye kamera hasogei, hamwamshi, hakatishi picha! Alen alitambua, kwa furaha, kwamba Mzee wa Mvua ni mtundu kuliko watundu wote waliowahi kupita shuleni pale. Kutahamaki, amesimama juu ya benchi, mikono hewani.

"Bibi! Amka! Bibi, ng'ombe anazaa!"

Shule nzima ikamgeukia.

"Shemhilu," alisema Mwalimu Hadija taratibu.

"Naam, Mwalimu."

"Sheria ya Ukimya ni ya nani?"

"Yangu, Mwalimu."

"Nje."

Nje kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Alen alikimbilia dirisha, akabandika pua. Kioo kilikuwa kimefunikwa na mvuke wa pumzi za watu wote walioshiba makande. Aliona mwanga tu, unacheza. Muhula mzima alimsifu Mama Dirisha kwa kusimama nje ya kioo. Sasa alitamani kumwambia mama yule maneno mawili matatu.

Dirisha likafunguka. Kichwa cha Mwanamisi kikatokeza ukunguni, kiwiliwili kikiwa kimebaki ndani.

"Mdomo uko nje ya bwalo," alinong'ona. "Anayetaka kesi aje. Haya, sikiliza: kichwa kimetoka. Bibi anakoroma."

"Unasikia anakoroma?"

"Namwona anakoroma. Niache nifanye kazi yangu. Mabega hayo... mabega... ametoka! Yuko kwenye tope. Mama yake anamlamba."

"Kamera iko wapi?"

"Iko palepale. Huyu mzee wako hana miguu? Ndama hatikisiki, Alen."

"Halafu?"

Mwanamisi alikuwa amegeuza kichwa, anatazama.

"Dada, sema! Tafsiri! Nakuomba!"

Mtafsiri mkuu wa milima yote ya Usambara alikuwa ameishiwa maneno. Kisha bwalo likalipuka: miguu, vijiko, mabakuli, watu wanakumbatiana juu ya meza, sheria haina mwenyewe.

"Amesimama?" alipiga kelele Alen, akirukaruka kwenye majani yenye umande.

"Nani, bibi au ndama?"

"Yeyote!"

"Wote wawili!" alisema Mwanamisi, akijifuta macho kwa mkono wa sweta. "Bibi katoka na viatu kavaa kushoto kulia!"

Taa zilipowashwa, Mwalimu Hadija alisimama mlangoni. "Bwalo limejaa, Shemhilu. Aliyetoka ni mmoja tu. Jumamosi yako umeipata."

"Asante, Mwalimu! Basi turudishe nyuma kidogo, nione na mimi..."

"Mwezi ujao."

Hamza akamrukia mgongoni. "Huyu mzee ana nyingine?" Alen akafungua mdomo kuhutubia, akaufunga, akamkimbilia Mwanamisi aliyekuwa anaelekea bweni la wasichana na wenzake, na mpaka njia panda ya mabweni sauti yake ilisikika ukunguni ikibembeleza.

"Dada Mwanamisi, rudia. Anzia kwenye kwato. Taratibu, usiruke kitu."